Hofu Iliyonifanya Mkorofi

Mimi ni muuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Ilemela. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wanaume wenzangu wanaoitwa wakorofi kumbe wanaumwa.

Ilinianza nikiwapimia magunia wateja wa Kongo. Moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikabana, nikajua leo ndiyo mwisho. Baada ya muda ikapita. Ikarudi kwenye daladala, ikarudi hata usingizini. Nilipimwa presha, sukari na umeme wa moyo, vyote vikawa sawa. Mtaani wakasema nimerogwa.

Kuna jambo sikumwambia daktari yeyote. Hali ile ikinijia, nilikuwa mbogo. Kuli akisimama mbele yangu na mzigo, namvaa. Watoto wakipiga kelele sebuleni, kikombe kinaruka ukutani. Mke wangu akiuliza, "Baba, una nini?" namfokea.

Kliniki ya afya ya akili waliniambia kuwa yale ni mashambulizi ya hofu. Nikapewa dawa na vikao vya ushauri, lakini nafuu sikuiona. Mshauri nilimbishia kila neno, vikao vingine nikavikatiza nikaondoka. Siku moja akaniuliza taratibu, "Kaka, hasira huja kabla ya moyo kwenda mbio, au baada?"

Baada. Nilikuwa nagomba ili watu wanipishe nitoke.

Tangu hapo tiba ikashika. Alinizungusha kwenye kiti mpaka nikapata kizunguzungu, akaniambia niheme harakaharaka, nipande ngazi mbio, ili nijionee mwenyewe kwamba moyo kudunda siyo kufa. Shambulio huwa linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka. Sasa likinikuta nyumbani, namwambia mke wangu, "Limekuja," nakaa hapohapo mpaka lipite. Sokoni bado hunijia mara mojamoja, ila sipigani na mtu.

Ndugu yangu, kama haya ni yako, anzia zahanati au kituo cha afya uombe rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Usiende peke yako. Nenda na unayeishi naye, umwache aeleze ukali wako jinsi anavyouona, maana wewe utaeleza moyo tu.