Siku ya Tatu ya Kortizoni

Hapa Kisangani, mtu akiharisha damu, kila mmoja husema ni amiba. Mgonjwa anapotufikia, nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, ameshameza Flagyl ya duka la dawa. Mara nyingi ni amiba kweli, au shigela. Lakini wapo wachache ambao choo chao kinapimwa na kurudiwa, hakionyeshi kitu, na damu inaendelea kwa miezi. Kwa hao tunafikiria kolaitisi ya vidonda: kinga ya mwili inashambulia utumbo mpana wenyewe.

Ikiwa kali, tunatoa haidrokotizoni, aina ya kortizoni inayolegeza kinga hiyo, kwa mshipa, miligramu 100 mara nne kwa siku. Siku ya tatu tunahesabu safari za chooni. Zikizidi nane, upasuaji umekaribia, na hapo ndipo ninapoombwa kuongeza dozi.

"Docta, umuongezee sindano, mtoto anaisha," mama mmoja aliniambia.

"Mama, tuulize kwanza kama hiyo sindano haijaamsha kitu kingine."

Kitu hicho ni virusi vya sitomegalo. Karibu kila mtu mzima kwetu aliviambukizwa utotoni bila kujua, na havitoki tena mwilini. Kortizoni ikilegeza kinga, vinaamka na kushamiri penye kidonda. Madaktari walikwisha kuvieleza katika kolaitisi mwaka 1961. Kuongeza dozi ni kuviachia uwanja.

Kupima kingamwili katika damu hakusaidii: karibu wote tunazo. Kinachohitajika ni kipande kidogo kutoka kwenye kidonda. Kolaitisi hii huanzia kwenye puru, kwa hiyo kifaa kifupi hutosha mara nyingi. Tena kupitisha kamera ndefu katika utumbo uliovimba kunaweza kuutoboa. Chini ya hadubini seli iliyovamiwa huvimba, kiini chake kama jicho la bundi. Dawa ni gansiklovia, miligramu 5 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, majuma mawili hadi matatu, huku tukihesabu seli nyeupe za damu kwa sababu inaumiza uboho.

Dawa hiyo haipatikani kirahisi katika mkoa wetu wa Tshopo. Basi kinga yetu ni kabla ya sindano ya kwanza: kupima VVU, kutafuta amiba na minyoo ya strongiloidi, ambayo kortizoni huifanya iue, na kuuliza bila kumwaibisha mtu kama amekuwa akimeza dekzamethazoni za sokoni, ambazo nazo ni aina ya kortizoni. Siku ya tatu ikiwa mbaya, daktari wa upasuaji anaitwa asubuhi hiyohiyo.