Taa ya Chupa Kichochoroni

Msafiri aingiaye Unguja kwa bahari hulakiwa na Mji Mkongwe kabla hajakanyaga nchi. Mbele yake husimama Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Jumba hilo lilikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza mjini kuwaka taa za umeme. Lakini nuru ya jumba la mfalme haikumfaa sana mpita njia wa Kiponda au Mkunazini. Huko vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na mbingu huonekana kama utepe tu juu ya mapaa. Mpita njia alitegemea kandili ya jirani iliyotundikwa juu ya baraza.

Hata umeme uliokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara mwaka 1980 haukuwa dhamana ya milele. Mwaka 2008 waya huo ulipokosa kufanya kazi, kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi; na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani tena, yapata miezi mitatu. Katika siku hizo kila mzee aliyekwenda sala ya Isha, na kila mtoto aliyetoka chuoni baada ya Magharibi, alijua thamani ya taa moja iwakayo nje. Taa ya ndani humfaa mwenye nyumba. Taa ya nje ni sadaka kwa mpita njia.

Ama chupa, kisiwa kina nyingi kupita haja yake. Wageni huja kwa wingi, na mahoteli ya pwani hutoa marundo ya chupa za soda, za siki, za maji ya matunda na, kwa masikitiko, za pombe. Kiwanda cha kuyeyusha kioo kiko ng'ambo, Dar es Salaam. Chupa ni nzito na bei yake ni ndogo, hivyo gharama ya kuzivusha bahari yaweza kula faida yote. Nyingi huishia mashimoni na vichakani. Kioo hakiozi kama jani wala hakiliwi na kutu kama bati; kipande kilichofukiwa leo chaweza kumchoma mguu mjukuu wa aliyekifukia.

Katika ziara yangu ya mwezi wa Shaabani uliopita, nilifika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, nikakuta vijana wanne wamefanya karakana chini ya paa la makuti. Fundi wao alinipokea kwa adabu. "Karibu, Maalim. Lakini keti upande wa upepo, vumbi la kioo si zuri kwa pumzi." Yeye na wenzake walivaa glavu, miwani na barakoa.

Kazi yao ni hii. Kwanza huziroweka chupa katika maji ya moto na sabuni mpaka karatasi zote zibanduke. Kisha chupa hulazwa juu ya kibao, ikazungushwa mara moja tu chini ya kigurudumu cha kukatia vioo, nacho huacha mchoro mwembamba. Mchoro humwagiwa maji ya moto, kisha ya baridi. Kioo hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi; kikishtuliwa hivyo hupasuka pale kilipodhoofishwa, na kitako huanguka. Ukingo uliobaki ni mkali kama wembe, basi husuguliwa kwa msasa uliolowa maji, ili vumbi lisiruke.

Chupa hutundikwa shingo juu, kwa waya wa shaba, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma upesi. Ndani yake huning'inizwa balbu ndogo iwashwayo na betri iliyojazwa mchana kwa nguvu ya jua, na mdomo huzibwa ili mvua isiingie. Niliuliza kama mafuta ya taa yangefaa. "Hapana, Maalim," akajibu. "Chupa si chemni. Ikipata moto upande mmoja hupasuka, na mafuta yakimwagika nyumba itaungua."

Jioni walitundika taa mbili, moja ya kijani na moja ya hudhurungi, katika njia iendayo msikitini. Mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake. "Wanangu, hizi zilikuwa chupa za pombe. Mnazileta karibu na nyumba ya Mwenyezi Mungu?" Vijana wakanyamaza, wakanitazama mimi.

Nilimjibu, "Mzee wangu, uchungu wako ni uchungu wa imani. Hakika pombe ni haramu, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi. Lakini kioo hakinyonyi kitu. Kikioshwa kwa maji hata isibaki rangi, ladha wala harufu, kimetoharika. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kukataza vyombo fulani vilivyozoewa kutiwa vinywaji, kisha akaviruhusu, akabainisha kuwa chombo hakihalalishi kitu wala hakikiharamishi. Kilicho haramu ni kila kileweshacho. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim."

Mzee alifikiri kitambo, kisha akasema, "Nimekubali. Lakini ziko chupa zilizofinyangwa jina la pombe katika kioo chenyewe, nalo halitoki kwa sabuni. Hizo msizilete njia hii. Watoto wetu wanajua kusoma." Neno lake lilikuwa la haki. Vijana walizitenga hizo papo hapo, ziende bara na shehena ya vioo vya kuyeyushwa.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Katika mji wa Al-Khalil, huko Palestina, mafundi huyeyusha chupa kuukuu na kuzipuliza upya ziwe vyombo vya rangi ya buluu na kijani. Mafundi wa zama za Mamluki, walioitawala Misri na Sham tangu 1250 hadi 1517, walifanya taa za vioo za misikiti, nyingi zikiandikwa maneno ya aya ya 35 ya Sura ya Nuur, ambamo taa iliyo ndani ya kioo imepigiwa mfano.

Enyi vijana, tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tanzu katika tanzu za imani. Aokotaye chupa ameondoa udhia mmoja, yaani kioo. Aitundikaye ikawaka ameondoa wa pili, yaani giza. Nanyi wazazi, msiwaachie watoto wadogo kazi ya kukata. Wapeni ya kuokota kwa uangalifu na ya kuosha, na taa ya kwanza itundikwe pale apitapo jirani asiye na taa. Mwenyezi Mungu atie nuru katika nyumba zetu na katika njia zetu. Amin.