Krismasi ya Waliofukuzwa Makwao

Desemba ni mwezi wa shibe katika nchi ya Embu na Meru. Mvua za vuli huwa zimekwisha kunyesha, maharagwe yamekaribia kuingia ghalani, na mwenye kahawa huwa amepata senti mbili tatu. Hata maskini hutafuta nyama ya Krismasi. Lakini katika shibe hiyo huwako nyumba zisizo na moto mekoni, nazo si nyumba za wavivu. Ni nyumba za watu waliofukuzwa makwao, au waliofiwa na mlishaji wao, kwa sababu ya imani yao. Yafaa wakumbukwe, na yafaa pia kufikiri namna ya kuwakumbuka, maana sadaka ikitolewa vibaya humwongezea mtu ukiwa.

Yuko mzee mmoja wa upande wa Runyenjes, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, ambaye umri wake sasa umepita miaka 80. Kila mwaka, jioni ya kuamkia Krismasi, hujaza unga katika kibuyu akakipeleka mwenyewe katika nyumba yenye dhiki. Watoto wake wamemwuliza mara nyingi kwa nini hamtumi kijana, na kwa nini iwe kibuyu wala si mfuko wa dukani. Jawabu lake ni habari ya mwaka 1954.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wengi katika Wakikuyu, Waembu na Wameru walikula kiapo cha Mau Mau kwa kudai ardhi na uhuru, na Wakristo wengi walikuwamo. Lakini walikuwako waumini waliokataa, hasa wale ndugu wa Uamsho, ambao ulianza Rwanda katika miaka ya 1930 ukafika Kenya mwaka 1937. Walisema kwamba aliyekwisha kukinywea kikombe cha Bwana hawezi kunywa kingine. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki ya Homugadi, maana hawakutaka kumwua ndugu yao aliye msituni. Basi wakawa kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia: watu wa msituni waliwaita wasaliti, na serikali nayo iliwashuku. Wako waliouawa, wako waliopigwa, na wako walioyaacha mashamba yao wakakimbilia vituo vya misheni.

Baba wa mzee huyu alikuwa mmoja wao. Alipigwa hata mkono ukavunjika, nyumba ikachomwa moto, na mama na watoto watano wakalala majuma mengi katika darasa la shule. Kisha ikaja amri ya vijiji. Tangu katikati ya mwaka 1954 hata mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja katika Jimbo la Kati walitolewa maboma yao, wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800. Vingi vilizungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, wala mtu hakuruhusiwa kutembea usiku. Njaa haikuuliza nani alikula kiapo na nani alikikataa.

Katika kijiji chao, kibanda cha jirani kilikuwa cha mwanamke ambaye mumewe alikuwa kizuizini Manyani. Jioni ya kuamkia Krismasi mwanamke huyo aliingia na kibuyu cha unga. Mama akasita. Kupokea kitu kwa mke wa mfungwa wa Mau Mau kungaliweza kumtia mashakani kwa Homugadi. Na mgeni naye angaliweza kuhesabiwa adui na watu wake mwenyewe. Mwanamke akasema, “Pokea, mama. Watoto hawakula kiapo, wala hawakukikataa.” Mama akaumimina unga, kisha akatia konzi mbili za maharagwe ndani ya kibuyu, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Mambo hayo yalimrudia mzee moyoni mwaka 2014. Tarehe 22 Novemba, Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua 28. Siku kumi baadaye wakaua wachimba mawe 36. Walimu wengi wa bara waliikimbia nchi ile, na mmoja wao alirudi kwao Embu pamoja na mkewe na watoto watatu, bila godoro wala sufuria. Kanisa likachanga kwa moyo mwema. Lakini Jumapili hiyo mwalimu aliitwa mbele, akakabidhiwa magunia huku akipigwa picha, na habari zake zikasomwa mbele ya watu wote. Jumapili ya pili hakuonekana kanisani.

Mzee hakumlaumu mtu. Jioni ya kuamkia Krismasi alichukua kibuyu chake, akaenda, akaketi, akamsimulia mwalimu habari za mama yake. Kisha akasema, “Mwanangu, vijana wetu hawajui hesabu. Kibuyu hiki usikirudishe kitupu.” Mwezi wa Januari mwalimu alikuwa akifundisha watoto kumi na wawili kila jioni, na wazazi wao wakachanga karo ya mtoto wake mkubwa. Alirudi kanisani mwenyewe, bila kuitwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Mzee aliposikia habari hiyo redioni alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yule mwanamke wa mwaka 1954 amepata ndugu.

Basi anayetaka kusaidia Krismasi hii na akumbuke kwamba Krismasi ni siku moja, na Januari ni siku 31, yenye karo na jembe la kununuliwa. Atoe kwa siri, atoe kwa mkono wake, wala asiulize kwanza jirani ni wa upande gani. Tena amwachie mpokeaji nafasi ya kurudisha konzi mbili za maharagwe. Kutoa ni moyo; na moyo huo anao hata aliyefukuzwa kwao.