Bustani za Leipzig na Watakatifu wa Barafu

Mtu aliyezaliwa Umatengo hafundishwi kulima. Ndivyo nilivyodhani mimi, hata mwaka 2024 nilipokwenda Leipzig, Ujerumani, kukaa kwa binti wa kaka yangu, aliye muuguzi katika mji ule. Nilifika mwishoni mwa Januari, nikaondoka mwishoni mwa Mei. Nilirudi na adabu.

Baridi yenyewe sitaieleza sana, maana imekwisha kuelezwa na wengi. Niseme tu kwamba mwezi wa Desemba, huko, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limekwisha zama. Miti haina jani hata moja. Ukiitazama utasema imekufa yote, na mtu asiyejua angeweza kuikata kuni. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, wakati sisi tunabariki mishumaa, wakulima wa zamani wa Ujerumani ya kusini walianza kuhesabu mwaka wa kazi, na vibarua walibadili mabwana siku hiyo. Mchana unarefuka, ila ardhi bado ngumu kama sakafu.

Binti yetu amekodi bustani. Isidhaniwe kwamba iko nyuma ya nyumba, la. Mjini watu wengi wanakaa katika majumba ya ghorofa, hawana ua. Kwa hiyo kuna viwanja vikubwa vilivyogawanywa vipande vipande, kila jamaa na kipande chake, na njia nyembamba katikati. Sheria yao ya mwaka 1983 inataka kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kilichomo kisizidi 24 pamoja na baraza yake, wala mtu asifanye makao humo. Tena karibu theluthi moja ya kipande sharti iwe ya mboga na matunda. Mtu hawezi kupanda majani matupu na kuweka kiti cha kulalia.

Jambo hili lilipata jina lake katika mji ule ule wa Leipzig. Mwaka 1864 mwalimu mkuu Ernst Hauschild, pamoja na wazazi wa wanafunzi wake, alianzisha chama ili watoto wapate uwanja wa kuchezea. Wakakipa jina la daktari Moritz Schreber, aliyefariki mwaka 1861. Miaka michache baadaye mwalimu mwingine, jina lake Karl Gesell, akawapimia watoto vitalu wapande mboga. Watoto, kama mjuavyo, walichoka upesi, magugu yakaota, na wazazi wakashika majembe wenyewe. Hivyo mpaka leo bustani hizo zinaitwa kwa jina la Schreber, ambaye hakupanda humo hata kitunguu kimoja. Ujerumani nzima sasa ina karibu vipande 900,000.

Jirani yetu wa kushoto ni mzee aliyekuwa fundi wa reli. Wa kulia ni bibi mmoja mjane, mwenye mbwa mdogo anayebweka kuliko ukubwa wake. Humo ndani watu huitana “rafiki wa bustani”, na salamu yao ni hali ya hewa. Mmoja atasema usiku maji ya ndoo yaligandamana. Mwingine atajibu kwamba kwake mhazeli umekwisha toa maua, basi majira ya kuchipua yameanza. Si porojo tu, kwa maana ofisi ya hali ya hewa ya Ujerumani inao watu wa kujitolea wanaoandika siku ambayo mhazeli umechanua, na mtofaa, na mimea mingine, mwaka hata mwaka. Forsithia, kichaka cha maua ya manjano, ikichanua, hapo ndipo hupunguza matawi ya mawaridi. Mwezi wa tatu ukipita katika msitu wa kando ya mto utasikia harufu ya kitunguu saumu. Ni mmea wa mwituni unaofunika ardhi yote, na watu huenda kuchuma majani yake kama sisi tunavyochuma mchicha.

Iko na siku ya kufungua maji. Katika baridi mabomba hufungwa, yasije yakapasuka maji yakiganda ndani. Mwisho wa Machi wenye bustani husimama kila mtu katika kipande chake, na msimamizi akifungua wote hutega masikio na kutazama kama kuna mahali panapovuja. Siku hiyo hakuna aliyevuja ila sisi. Mzee akaruka njia na bisibisi yake, akakaza, akarudi kwake bila neno.

Basi, Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 31 Machi. Jumamosi iliyofuata, tarehe 6 Aprili, joto lilikuja ambalo hata wenyeji walilistaajabia. Kusini-magharibi mwa Ujerumani lilifika digrii 30. Nilivua koti. Mtofaa wetu ulijaa maua, na nyuki walivuma ndani yake. Dirishani nyumbani ilikuwepo miche kumi na miwili ya nyanya, ambayo binti yetu aliisia mapema Machi, kwa mbegu aliyopewa na yule bibi wa kulia. Yeye alikuwa kazini. Mimi nikasema moyoni, jua hili, udongo huu mweusi, tunangoja nini? Nikaibeba miche yote nikaipanda, na pembeni nikatia maharage.

Mzee aliniangalia kupitia uani. Akasema polepole, ili nielewe Kijerumani chake: “Rafiki wa bustani, Sofia bado hajapita.”

Nilidhani Sofia ni mke wake. Nikamjibu kwamba nitamsalimu akipita.

Jioni binti yetu aliporudi akaona dirisha tupu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Baba mdogo, ungeniuliza.” Hakuongeza. Majuma mawili nyanya zilistawi, nami nilianza kuona kwamba vijana wa siku hizi wana woga.

Juma la tarehe 22 Aprili mbingu ikawa safi kabisa, bila wingu. Mkulima wa kwetu hufurahia anga la namna hiyo, lakini kule, wakati ule, ni hatari. Wingu ni blanketi la ardhi. Lisipokuwepo, joto la mchana lote hupanda juu usiku, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutelemka na kulala mabondeni. Ikaja sakitu. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wanaijua, ule umande ulioganda unaong'aa asubuhi kama chumvi na kuacha mimea myeusi.

Nilifika bustanini asubuhi ya Jumanne. Maharage yalikuwa yamelala. Miche kumi ya nyanya ilikuwa kama majani ya mchicha yaliyochemshwa. Miwili ilikuwa hai, nayo ilifunikwa na ndoo mbili zilizopinduliwa, ambazo hazikuwa zetu. Kwa mzee vitalu vyote vilifunikwa kwa mablanketi ya zamani na magazeti, na chini ya vyungu vya udongo alikuwa amewasha taa nyekundu zile za makaburini, zitoe joto kidogo. Vyombo vilivyombakia vilikuwa ndoo mbili tu.

Nilimrudishia ndoo zake kwa mikono miwili. Ndipo aliponieleza habari za Sofia.

Wazee wa Ulaya ya Kati walisema kwamba baridi ya mwisho huja pamoja na watakatifu wa barafu: Mamerto tarehe 11 Mei, Pankrasi 12, Servasi 13, Bonifasi 14, na Sofia 15. Huyu Bonifasi si yule mtume wa Ujerumani tunayemkumbuka Juni, bali ni shahidi wa zamani zaidi. Mamerto alikuwa askofu wa Vienne, Ufaransa, katika karne ya tano, na ndiye aliyeanzisha maandamano ya kuombea mazao siku tatu kabla ya Kupaa Bwana. Nyanya na maharage hazitoki nje mpaka Sofia ameondoka. Haya yote nilifundishwa na mzee ambaye, kama wengi wa sehemu ile ya Ujerumani, hakubatizwa. Mimi niliyebatizwa nikiwa na siku nane sikujua hata mmoja wao angekuja na barafu.

Wataalamu wa hali ya hewa husema kanuni hiyo haikamatiki sana. Kwanza kalenda ilirukishwa siku kumi mwaka 1582, kwa hiyo siku walizozitazama wakulima wa kale kwa jua la leo zingeangukia baada ya tarehe 20 Mei. Tena sakitu ya katikati ya Mei imekuwa haba. Lakini miti nayo, kwa joto la miaka hii, inachanua mapema kuliko miaka ya 1960, ikikutwa uchi na baridi ya Aprili. Mwaka 2017 ilitokea hivyo, na mwaka ule niliokuwepo wakulima wa matunda wa jimbo la Saksonia walipoteza sehemu kubwa mno ya matofaa yao, ijapokuwa walikesha wakiwasha mioto na kunyunyizia miti maji. (Maji yakiganda hutoa joto kidogo, na ganda lake hulinda ua. Mwanzoni sikusadiki.) Mtofaa wetu haukuzaa hata tunda moja.

Binti yetu hakunigombeza. Hilo lilikuwa zito zaidi, maana mbegu ile hakuwa nayo tena.

Mwezi wa Mei mchana ulizidi saa kumi na tano. Alhamisi tarehe 16 bibi wa kulia alikuja langoni na sanduku la miche, mbwa wake mbele. Aliniambia kwamba kila mwaka huotesha mara mbili ya mahitaji yake, kwa ajili ya wenye haraka. Alinihesabia kumi. Niliipanda mchana ule, huku mzee akisimama uani ameegemea reki yake.

Nilipomaliza akauliza, “Lakini huyo Sofia, alikuwa nani hasa?”

Nikamwambia anasemwa kuwa alikuwa shahidi, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani. Akatikisa kichwa, akanipitishia debe lake la maji juu ya ua, kwa kuwa letu lilikuwa limekwisha.