Hori la Mida: Darubini Yako Yataka Miguu Mitatu

Ukipanda matatu Mombasa kwenda Malindi, utavuka Kilifi, kisha utapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Kabla hujafika njia panda ya Gede, kule kwenye magofu ya mji wa kale, utafika Mida. Shuka hapo, ushike njia iteremkayo upande wa kulia, na baada ya mwendo mfupi utajikuta mbele ya mikoko na harufu ya tope la bahari. Hilo ndilo hori la Mida, sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotengwa mwaka wa 1968.

Hapo kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, ambalo huishia kwenye kibanda kinachotazama uwanda mpana wa tope na maji. Utalipa ada ya kuingia, nawe usinung'unike, kwani pesa hizo husaidia kulipia karo watoto wa shule za sekondari wanaoishi karibu na hori na msitu, kwa mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka wa 2001.

Sasa utauliza, kibandani kuna nini cha kutazamwa? Kuna ndege. Kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili, wageni kutoka mbali hufurika hapa: vitwitwi wadogo waliozaliwa Siberia, vipila wenye midomo mirefu iliyopinda, na yule mheshimiwa wa Mida, ndege mla kaa. Huyu ni mweupe pepepe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mfano wa patasi. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, katika fuo na visiwa vya Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kama walivyokuja manahodha wa majahazi enzi zile.

Tatizo ni moja. Ndege hawa hawakai karibu. Watakuwa mita 100 au 200 kutoka ulipo, nawe bila darubini utaona madoa meupe tu. Na hata ukiwa na darubini, huenda usione zaidi ya madoa yanayorukaruka. Hilo nilijifunza kwa ami yangu.

Ami ni mvuvi aliyestaafu. Macho yake bado ni makali, ila mikono inatetemeka kwa uzee. Siku ya kwanza nilipompeleka Mida nilimpa darubini yangu, akaiweka machoni, akatazama kitambo kidogo, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "hawa ndege wako wanacheza ngoma."

Tulicheka. Lakini njiani tukirudi alikuwa kimya, na tulipofika nyumbani akaniambia kwamba safari nyingine niende peke yangu, yeye atabaki barazani. Neno hilo lilinichoma. Mtu aliyeishi na hori lile miaka yote, leo alione kuwa ni mali ya wenye mikono imara?

Hebu tuelewane kwanza kuhusu darubini yenyewe. Ubavuni mwake utaona nambari kama 8x42 au 10x50. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikikuza mara 8, ndege aliye mita 80 huonekana kama yuko mita 10. Lakini kumbuka, inapokuza ndege hukuza pia mtetemeko wa mkono wako mara hizo hizo 8. Ndiyo sababu watu wengi huweza kuishika darubini ya 8 kwa mikono mitupu, ya 10 huwashinda baadhi, na ya 15 kwenda juu ni kazi bure bila kiegemeo. Hata kijana wa miaka 20 mwenye mikono kama nanga hataona alama ndogo za manyoya mpaka darubini itulie. Mwenye kununua darubini kubwa zaidi ili aone vyema, ilhali mikono yake inatetemeka, amejiongezea maradhi kwa kudhani ni dawa.

Mwezi uliofuata nikanunua stendi ya kamera ya bei nafuu, nyepesi kama kikapu kitupu. Nikamwomba ami, akakubali kwa shingo upande. Tulipofika, kwa haraka yangu nikaisimamisha palepale juu ya daraja. Kila mgeni aliyepita mbao ziliyumba, na ndege wakayumba nazo. Tulipohamia kibandani, kichwa cha stendi, ambacho kilikuwa cha plastiki, kikaanza kuinama polepole kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Ami alitazama tope badala ya ndege. "Usijisumbue, mwanangu," akasema kwa upole. Upole huo uliniuma kuliko kama angenikaripia.

Basi nikaketi nikajifunza. Haya niliyoyapata nakupa wewe, ili usilipe karo niliyolipa mimi.

Kwanza, chunguza darubini yako kabla hujatafuta stendi. Itazame mbele, pale kwenye bawaba inayounganisha mapipa mawili. Darubini nyingi zina kifuniko kidogo mahali hapo, mara nyingi chenye nembo. Kifungue kwa vidole. Ukikuta tundu lenye hesi, umebahatika, kwani kwa kawaida ni hesi ya robo inchi, ile ile ya kamera. Utahitaji kiungio, yaani kipande kilichopindwa kama kiwiko, ambacho upande mmoja hufungwa kwenye bawaba na upande wa chini kwenye stendi. Chagua cha chuma. Cha plastiki hupindika kidogo kidogo, na darubini hutikisika kila ukiigusa. Aidha, hakikisha ni chembamba vya kutosha kupita kati ya mapipa, la sivyo hutaweza kuyasogeza yalingane na macho yako. Kama darubini haina tundu, usiitoboe! Kuna viungio vya namna ya kitako, ambavyo darubini hulazwa juu yake ikafungwa kwa mkanda.

Pili, angalia kichwa cha stendi. Kile cha gololi ni kidogo na chepesi, lakini ukikilegeza darubini huanguka upande wowote. Kinawafaa wapiga picha zaidi. Kwa kufuata ndege anayetembea, tafuta kichwa chenye mkono mmoja wa kuongozea, kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Vilivyo bora ni vile vinavyozunguka kwa uzito laini, kama vya wapiga picha za sinema. Jaribu papo hapo dukani: funga darubini, ielekeze mbali, kisha uiachilie mkono. Ikiinama yenyewe, shukuru na uondoke.

Tatu, miguu. Urefu wa kweli wa stendi ni ule unaoupata kabla ya kuinua nguzo ya kati. Nguzo hiyo ikiinuliwa sana, stendi yako ya miguu mitatu imegeuka kuwa ya mguu mmoja. Simama wima, na darubini ifike machoni bila wewe kuinama. Kama atakayeitumia ni mzee, afadhali aketi, kwa hiyo miguu iweze kufupishwa hadi kimo cha kiti. Kisha igonge darubini kwa kidole huku ukitazama. Picha itatikisika, lakini yapasa itulie baada ya sekunde moja au mbili. Isipotulia, upepo wa kusi utakutesa.

Nne, uzito. Stendi nzito hutulia lakini humchosha mchukuzi. Dawa ni kuchukua ya wastani, na ukifika utundike mfuko wa mchanga chini ya nguzo ya kati. Mchanga Mida haununuliwi. Na kama huna uwezo wa stendi, gongo la mguu mmoja, au hata fimbo imara ya kuegemeza darubini, hupunguza sehemu kubwa ya mtetemeko.

Tano, mazingira yenyewe. Ukiwa topeni, miguu ya stendi huzama mmoja mmoja. Weka kifuu cha nazi chini ya kila mguu, nayo itasimama. Ukiwa kibandani, waombe wenzako watulie kidogo. Ukirudi nyumbani, futa miguu kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi hula vibanio vyake. Na usisahau maji: fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, kwani yanapopanda huwasukuma ndege kuja upande wako.

Faida haiishii kwa ndege. Usiku, stendi hiyo hiyo itakuonyesha mwezi na mabonde yake, na nyota ya Mshtarii ikiwa juu utaiona na miezi yake minne kama punje zilizopangwa mstari, ile aliyoigundua Galileo mwaka wa 1610. Kwa nyota za utosini pekee ndipo stendi hukwama, kwani shingo haiwezi kuingia chini yake. Hapo lala chali kwenye kiti cha kunyooka.

Safari ya tatu nilimbembeleza ami siku mbili. Tulifika maji yakiwa yanapanda. Nikamweka kwenye kiti kibandani, nikafupisha miguu ya stendi, nikaifunga darubini kwa kiungio cha chuma, nikatundika mfuko wa mchanga. Nikamwambia asiishike, aweke macho tu.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi niliyekuwa nikipumua kwa hofu nikadhani mambo yameharibika tena.

"Kuna mla kaa hapo," hatimaye akasema, "na nyuma yake yuko mwingine wa kijivujivu. Mtoto huyo. Anamfuata mamake anaomba chakula. Kumbe ni mkubwa hivi na bado analishwa!"

Ndivyo walivyo ndege hao. Kinda huvuka bahari pamoja na wazazi wake, na hata akifika huku bado huendelea kulishwa. Ami ameishi nao maisha yake yote, lakini jambo hilo hakuwahi kuliona kwa karibu namna ile.

Alitazama mpaka maji yakajaa. Tulipokuwa tukifunga vitu, akaipigapiga stendi begani kama mtu ampongezaye punda wake, akasema, "Wewe nawe ulilishwa hivyo hivyo. Safari ijayo tuje mapema."

Basi msomaji, kabla hujatumia fedha zako kwa darubini kubwa zaidi, ipe hiyo uliyo nayo miguu mitatu. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee anayesema ataketi barazani, usimwamini upesi. Huenda hajachoka kutazama. Amechoka kutetemeka tu.