Sina Tarehe ya Kuokoka

Kwetu Nakuru hakuna aliyewahi kuniuliza kama naamini. Maswali yalikuwa mengine. Umeoga? Umefunika kichwa? Umepita jikoni kuona kama kuna kazi? Biji, mama yake baba, aliyauliza kila Jumapili asubuhi kabla hatujaenda gurdwara, nyumba yetu ya ibada, na ukishayajibu alikuwa ameridhika. Wazee wetu walichukulia kwamba mtoto wa Kisikh akilelewa hivyo, imani itamfuata.

Aliyeniuliza waziwazi alikuwa rafiki yangu wa bweni, msichana aliyeokoka. Usiku mmoja baada ya taa kuzimwa alinong'ona, "Nawe, uliokoka lini?" Yeye alikuwa na siku, mwezi, jina la mhubiri na wimbo uliokuwa ukiimbwa alipopita mbele. Hakuniuliza kwa ubaya. Alinipenda, na aliogopa nisije nikaachwa. Mimi sikuwa na tarehe yoyote. Nilikuwa na bangili ya chuma mkononi, nywele ambazo hazijawahi kukatwa, na sala ndefu niliyoijua kwa moyo bila kuelewa zaidi ya neno hapa na pale. Niliuonea wivu uhakika wake, nao wivu huo ndio ulionianzisha safari.

Shuleni kwetu hapakuwa na mwalimu wa Dini ya Kihindi, somo ambalo katika mtaala wa Kenya ndilo linalogusa pia habari za Masikh. Kwa hiyo nilisoma Dini ya Kikristo mpaka kidato cha nne, na niliipenda. Niliweza kueleza safari za Mtume Paulo mji kwa mji, vizuri kuliko safari za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu. Habari ya Sauli njiani kuelekea Dameski niliiandika vizuri katika mitihani: mwanga, sauti, upofu wa siku tatu, kisha mtu mpya. Nikafikiri basi imani ndivyo ilivyo. Lazima kuwe na barabara, na kuwe na siku.

Nilipokuja likizo nilimwuliza Biji kama na sisi tuna kitu cha namna hiyo. Alikuwa anapepeta dengu, hakuinua macho. Akanisimulia habari niliyoisikia tangu utotoni pasipo kuisikiliza. Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, alikuwa mtunza ghala la gavana Daulat Khan Lodi huko Sultanpur, kazi yake kupima nafaka. Asubuhi moja akaenda kuoga katika mto Bein, asionekane siku tatu. Watu wakadhani amezama. Alipotoka, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mbele ya Mungu ule mpaka kati ya Mhindu na Mwislamu haupo. Akaacha ghala, akasafiri miaka mingi pamoja na Mardana, mpiga rababu Mwislamu, kisha akarudi Punjab, akatulia Kartarpur kando ya mto Ravi, akalima mpaka alipofariki mwaka 1539.

Nilifurahi. Siku tatu kwa siku tatu! Sasa ninayo ya kumjibu rafiki yangu. Biji akanitazama. "Puttar, mwanangu, hizo siku tatu kila mtu anazipenda. Na ile miaka ya jembe je?"

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kuisoma habari ya Nanak bila kuona shamba. Mtu aliyetoka mtoni na ujumbe mzito kiasi kile angeweza kujijengea kasri la watakatifu. Yeye alimalizia maisha yake akilima, akila alichokivuna pamoja na yeyote aliyekuja, na kuimba sala asubuhi na jioni. Mambo matatu aliyoyafundisha ndiyo hayo hayo aliyoyaishi: kulikumbuka jina la Mungu, kula jasho lako la halali, na kugawana.

Nyumbani kwetu hayo mawili ya mwisho yalikuwa yamekaa muda mrefu. Baba yake babu yangu Bauji alikuwa seremala aliyeletwa na reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kati ya vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliotolewa India, takriban 2,500 walifia kazini. Masikh miongoni mwao walikuwa na desturi ya kukusanyika popote kambi ilipopigwa, wakasali na kula pamoja. Pale Makindu walisali chini ya mti, na mwaka 1926 gurdwara ikajengwa mahali hapo. Msafiri wa barabara ya Mombasa anaijua. Anayepita, awe dereva wa lori, mwanafunzi, mama na watoto wake, anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa chapati, dengu na chai, na akichoka anapewa kitanda. Hakuna anayeulizwa dini wala pesa. Tuliposafiri, baba alisimama pale hata kama tumeshiba, kwa sababu kwake kupita bila kuingia ilikuwa kukosa adabu.

Papaji, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa bodi za malori. Wateja wake walimwita Kalasinga, naye aliitika. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya Bhai Kanhaiya, mtu aliyekuwa akiwanywesha maji majeruhi katika vita vya Anandpur, siku za Guru Gobind Singh, mmoja wa Maguru waliomrithi Nanak. Wenzake wakamshtaki kwa Guru: anawapa maji hata askari wa adui. Kanhaiya alipoulizwa akasema kwamba hakuona adui wala rafiki, kila uso aliouinamia ulikuwa ni wa Guru. Guru akampa na dawa ya vidonda aongeze juu ya maji. Papaji aliimaliza hadithi kila mara kwa kunyamaza, hakufafanua chochote. Usiku mmoja alitoka nyumbani na kwenda Salgaa kufufua lori la mtu aliyekuwa na deni lake la miaka. Mama alinung'unika. Papaji alikuwa ameshachukua spana.

Basi kugawana na kazi ya halali niliviona kwa macho. Kilichonishinda ni kile cha kwanza, kumkumbuka Mungu. Nitamkumbukaje nisiyemjua, kwa maneno nisiyoyaelewa? Kipunjabi chetu cha Kenya ni cha jikoni na karakana, kimechanganyika na Kiswahili. Maneno ya Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, ni ya kale, ya lugha kadhaa, na yamepangwa kwa kufuata muziki. Nilimwomba Biji anifundishe kusoma Gurmukhi, maandishi ya kitabu hicho, si kwa kukariri safari hii, bali mstari baada ya mstari, na maana yake. Pale alipokwama alikiri, tukamngoja granthi, msomaji wa kitabu pale gurdwara.

Nilishangaa nilichokikuta. Kitabu kilichokusanywa na Guru Arjan mwaka 1604, ambacho leo kina kurasa 1,430, na ambacho tangu mwaka 1708 ndicho Guru wetu wa kudumu, kina ndani yake tenzi za Sheikh Farid, Mwislamu wa Kisufi. Kina maneno ya Kabir mfumaji na ya Ravidas, fundi ngozi ambaye watu wa tabaka la juu wasingekubali kugusana naye. Sisi huwa tunainama mpaka paji la uso liguse sakafu mbele ya kitabu hicho, na tunapoinama tunawainamia na hao. Rafiki yangu wa bweni alikuwa ameniambia Mungu hukutana na mtu mmoja mmoja. Hapa nilikutana na umati, watu wa dini na kazi mbalimbali, wakimtafuta pamoja, wengine wakilalamika kabisa kwamba hawamwoni. Ndipo nilipopumua. Kumbe hata mashaka yana kiti.

Ndipo hasira nayo ikaanza. Mtu akielewa anachokisoma hawezi tena kuvumilia kila kitu. Binamu yangu alimpenda kijana wa Kisikh, mcha Mungu, mwenye kazi. Ndoa ikavunjwa kwa sababu ya tabaka la ukoo wake. Watu waliokaa sakafuni Jumapili katika mstari mmoja wakila langar, chakula cha pamoja cha gurdwara, tajiri na mfagiaji bega kwa bega, ndio waliouliza Jumatatu, "Lakini hao ni wa jamii gani?" Mwaka 1699 pale Anandpur, Guru Gobind Singh aliita watu walio tayari kutoa vichwa vyao, wakajitokeza watano, na miongoni mwao alikuwamo kinyozi na mchota maji. Akawapa wote jina moja, Singh, ili jina la ukoo lisiwe tena ngazi ya kumpandia mwingine. Miaka mia tatu na ushee baadaye bado tunapekua kuna nini nyuma ya Singh. Naelewa historia yake. Mafundi waliokuja na reli walijenga jumuiya zao na gurdwara zao, wakasaidiana kuishi ugenini. Kusaidiana ni jambo jema. Kumkataa mkwe kwa sababu ya babu yake ni kumkana Guru, na nilimwambia hivyo mjomba wangu mkubwa mbele ya watu. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, lakini nilitambua kitu: kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeitetea dini hii kama yangu. Mtu hakasirikii nyumba ya jirani kiasi kile.

Kaka yangu alitafuta kwa njia nyingine. Alikata nywele akiwa chuoni ng'ambo, na mama alilia wiki nzima. Biji alimtumia pinni, vile vitamu vyetu, zile zile alizokuwa akimtumia, halafu akamwombea katika Ardas, sala yetu ya maombi, kwa jina lake kamili. Hiyo ndiyo hotuba yake yote juu ya jambo lile.

Kisha Papaji akafa. Moyo, ghafla, karakanani. Kila aliyekuja matangani alisema neno moja: hukam, amri ya Waheguru, yaani Mungu. Ni neno la ubeti wa kwanza wa Japji, ile sala ya alfajiri; Nanak anajiuliza mtu atawezaje kuwa mkweli, na anajibu kwamba ni kwa kwenda ndani ya hukam. Nilikuwa nimeusoma ubeti huo na Biji, nikaupenda. Sasa ulinichoma. Wale waliolisema walikuwa wema, lakini neno kubwa likisemwa haraka humfungia mfiwa mlango. Yule mdeni wa Salgaa alikuja pia. Yeye hakusema hukam wala chochote. Alikaa nasi mpaka usiku.

Mahali pa kuchomea mwili, granthi alianza Kirtan Sohila, na miguu yangu ikalegea. Sohila ni sala fupi ya kulalia. Ndiyo Papaji aliyotusomea sote watatu kitandani, mimi, kaka na dada yetu mdogo, huku akinukia rangi ya malori. Nilijua kwa kusoma kwamba sala hiyo hiyo ndiyo inayosomwa maiti anapopewa moto. Kulijua ni kimoja, kusimama pale ni kingine. Yaani tangu utoto wetu, kila usiku, alikuwa akitufundisha maneno ya siku hii. Hakutufundisha kwa kutisha. Alitufundisha kwa kutulaza. Sikupata mwanga wala sauti. Nilijikuta tu nasoma pamoja na granthi, na kwa kuwa maana sasa niliijua, sikuweza kujisingizia kwamba ni sauti tupu.

Siku zilizofuata tulisoma Granth nzima nyumbani kwa zamu, kama ilivyo desturi yetu baada ya msiba. Zamu zangu nilizisoma. Lakini kusali kwa maneno yangu mwenyewe kulinikataa kabisa, kwa miezi. Nilikwenda gurdwara, nikainama, nikapita moja kwa moja jikoni kuosha sahani za chuma. Mama mmoja mtu mzima, aliyejua vema kwamba nakimbia ukumbi, alinisogezea ndoo bila neno. Katika dini yetu kazi ile ni sewa, nayo ni ibada sawa na ile ya ukumbini. Nilikuwa nimelisikia hilo likihubiriwa mara nyingi. Wakati ule ndipo nilipoliishi, maana sikuwa na ibada nyingine. Kama ningelazimika kuamini kwanza ndipo niruhusiwe kuosha sahani, ningekuwa nje hadi leo.

Naamini sasa? Naamini, ndiyo, katika Mungu mmoja asiye na umbo, na naamini kwamba Nanak alimjua. Hukam bado napigana nayo. Nasema Ardas yote, na ninapofika pale tunapoomba heri kwa wanadamu wote nasema kwa moyo mzima. Kuhusu kifo cha Papaji nanyamaza, na sijamsikia Mungu akinikaripia kwa kunyamaza.

Mwaka huu nimekubali kufundisha watoto Gurmukhi siku za Jumapili. Sharti langu kwa kamati lilikuwa moja, kwamba kila mstari usomwe na maana yake na mtoto aruhusiwe kuuliza lolote. Swali la kwanza lilitoka kwa mvulana wa patka, kilemba kidogo cha watoto, ya bluu aliyekaa nyuma: kama wote tunakula langar pamoja, kwa nini babu yake hataki shangazi aolewe na anayempenda? Nilimweleza yote ninayoyajua, ya mwaka 1699, ya reli, na ya aibu yetu. Wazazi wawili walikuwa mlangoni wakisikiliza. Darasa lilipitiliza saa ya chakula, na hakuna mtoto aliyeinuka.