Sukari Sita, Chumvi Nusu

Gazeti letu limezoea kuleta habari za mashamba, za shule na za malezi ya watoto. Leo naomba nafasi niwaeleze habari ya somo moja nililofundishwa chuoni, ambalo wengi hulidharau kwa kuwa jina lake ni geni: sanaa ya kupanga maandishi na picha, na pamoja nayo sanaa ya kusimama mbele ya watu na kuyaeleza yaliyopangwa. Jina ni geni, lakini kazi si ngeni. Nabii Habakuki aliagizwa na Bwana aandike waziwazi juu ya vibao, na agizo hilo ni la zamani kuliko kompyuta zote.

Mwaka 2015 nilikuwa katika mwaka wa pili wa chuo cha ualimu cha kanisa. Tulikuwa wanafunzi 40 na kompyuta 12. Basi watu watatu au wanne walikaa mbele ya mashine moja, mmoja ameshika kipanya, wengine wakimwelekeza, kila mtu akiamini kwamba mwenzake hajui. Majuma mawili ya kwanza yalikwenda katika michezo. Tulipata herufi za kila namna: nene, nyembamba, zenye kivuli, zilizojikunja kama mizabibu, tukazitumia zote katika karatasi moja. Mkufunzi wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alituacha tu.

Katika juma la tatu alizitundika karatasi zote 12 ukutani, akamwita mpishi wa chuo, akamsimamisha mlangoni, akamwuliza ni zipi aweza kuzisoma kutoka pale. Mpishi alisoma mbili. Nazo zilikuwa zile ambazo sisi tulizicheka kwa unyonge wake: herufi nyeusi za aina moja, karatasi nyeupe, nafasi tupu nyingi pande zote. Tangu siku ile hatukuhitaji kushurutishwa. Tulijifunza kwamba nafasi tupu si hasara ya karatasi. Kwamba aina moja ya herufi yatosha, au mbili zikizidi. Kwamba maandishi mekundu juu ya rangi ya kijani huwapotea kabisa baadhi ya wanaume, ambao macho yao tangu kuzaliwa hayazitenganishi rangi hizo mbili. Na juu ya yote, kwamba vitu vinavyohusiana vikae karibu, na visivyohusiana vitengwe. Kanuni hii ya mwisho niliiandika daftarini kama nilivyoandika nyingine, bila kuona uzito wake.

Mwezi wa Agosti mwaka ule kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Mkufunzi akabadili zoezi letu. Akasema kila kundi litengeneze bango la kuwafundisha watu maji ya kumnywesha mgonjwa wa kuharisha, wakati anapopelekwa zahanati: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa, visiwe na kilele. Akatueleza na sababu. Mgonjwa hupoteza maji na chumvi kwa wingi. Maji matupu utumbo wake hauyapokei vema. Lakini sukari na chumvi zikiwa pamoja kwa kipimo chake, huingia katika ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Chumvi ikizidi, mambo hugeuka: huvuta maji nje ya viungo, na mtoto mdogo aweza kuangamia kwa kikombe alichotengenezewa na mama yake mwenyewe kwa mapenzi.

Mabango yalipokwisha hatukupewa alama. Tuliambiwa tuyachukue sokoni, tukawaonyeshe watu wasiokwenda shule, tuwaulize yasema nini, wala tusiwasaidie hata kwa neno moja. Mtu asiyepata kufanya hivi hajui jinsi ilivyo vigumu kufumba kinywa.

Tulikwenda makundi mawili pamoja. Wenzetu walikuwa na bango zuri kuliko yote darasani. Kushoto walipanga picha tatu kutoka juu kwenda chini: chupa ya maji, bakuli la sukari, bakuli la chumvi. Kulia walipanga tarakimu: 1, 6, ½. Na katika pembe ya juu kulia, mmoja wao aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuchora alitia ua kubwa la rangi ya dhahabu. Ua lile lilizisukuma tarakimu zishuke kidogo. Sisi wenye kusoma hatukuona kitu, maana tulijua tayari lililokusudiwa.

Tukamkuta bibi mmoja akiuza dagaa. Hakusoma, lakini tarakimu alizijua kama mtu ajuavyo watoto wake, kwa sababu ya kuhesabu fedha.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mnanunua au mnatembea?”

“Tunaomba utusomee picha hii.”

Akaitazama kwa makini. “Hii chupa ya maji. Hii sukari, moja. Hii chumvi, sita. Na hiki kilicho chini sikijui, pengine ni jina lenu.”

Hakuna aliyecheka. Mwenzetu mwenye bango alilikunja polepole, akanunua dagaa asiowahitaji.

Palikuwa na jambo la pili. Bango lingine lilionyesha mtu anayekunywa maji ya mto, na juu yake mistari miwili iliyokatana, yaani asifanye hivyo. Mzee mmoja aliuliza kwa huruma kwa nini mtu huyu amefungwa miti kifuani. Kweli, alama ile ni kosa kwa yule tu ambaye daftari lake lilisahihishwa na mwalimu. Yeye ambaye hakuwa na daftari, ataijuaje?

Tuliporudi, mkufunzi hakutukaripia. Alitusimulia habari za Bangladesh. Huko, tangu mwaka 1980, shirika liitwalo BRAC liliwatuma walimu wanawake nyumba kwa nyumba vijijini kufundisha maji haya haya, wakafikia nyumba yapata milioni 12 katika miaka 10 hivi. Hawakutumia vijiko. Chumvi ilipimwa kwa kubana kwa vidole vitatu, na badala ya sukari nyeupe, konzi moja ya sukari guru, maana mkono kila mama anao. Mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Kisha, siku nyingine, mkaguzi alipita, akachagua nyumba baadhi, akawauliza akina mama wanakumbuka nini; na malipo ya mwalimu yalifuata kumbukumbu zao, si wingi wa nyumba alizopita. Sisi walimu tungelipwa kwa kanuni hiyo, nadhani wengine tungekosa unga kabla mwezi haujaisha.

Basi darasa zima tukalitengeneza bango moja upya. Tarakimu tulizipunguza. Karibu kabisa na bakuli la sukari tulichora vijiko sita, kimoja kimoja. Karibu na chumvi kijiko kimoja kilichojaa nusu. Na kati ya mambo haya mawili tukaacha nafasi tupu ya upana wa kiganja. Lita moja tuliionyesha kwa chupa mbili za maji za nusu lita, zile ziuzwazo kila duka. Alama ya kosa tuliitupa. Lisilotakiwa tukaliacha lisemwe kwa mdomo. Ua nalo mwenyewe alilipenda mno, akakubali kulifanya dogo tu.

Siku ya kueleza mbele ya watu, katika ukumbi wa parokia, tulikuwa na slaidi tisa na projekta ya kuazima. Umeme ukakatika kabla ya slaidi ya pili. Aliyepangwa kusema zamu ile alikuwa ndugu mmoja mwenye kigugumizi, ambaye tangu mwanzo wa somo aliogopa siku hiyo kuliko mtihani. Nilimwona akitazama ukuta uliozimika, kisha akatazama meza, ambapo tulikuwa tumeweka chupa, sukari, chumvi na kijiko kwa ajili ya mapambo. Akasema maneno machache sana: “Mama mmoja aje.”

Akaja mama mwenye mtoto mgongoni. Ndugu yule akamwonyesha bango kwa kidole, akampa kijiko, akanyamaza. Mama akapima, watu wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, hata sita. Kijiko cha nne kilikuwa na kilele. Watu wenyewe wakapiga kelele asawazishe. Alipomaliza, mwenzetu akamwambia, “Sasa mfundishe mwingine,” naye akaketi. Mama yule alimfundisha wa pili, wa pili akamfundisha wa tatu, na wa tatu alikuwa mzee wa kanisa ambaye, kwa kukiri kwake, hakuwahi kushika kijiko cha jikoni. Kigugumizi cha ndugu yetu hakikupona siku ile, wala hatudai muujiza. Lakini hakuna kundi lililofundisha vizuri zaidi, na wengine walisema kwa muda wa saa nzima.

Mwuguzi wa zahanati aliomba bango lile alitundike kwake. Ila alitaka mambo mawili yaongezwe: picha ya kisu kikipita juu ya kijiko kukisawazisha, na maneno ya kuwaambia watu kwamba pakiti za chumvichumvi zikiwapo zahanati wachukue hizo kwanza, na mgonjwa aletwe upesi. Tulitafuta nafasi ya kuyatia hayo. Mwenye ua alilitazama kitambo, kisha akaomba kifutio.